Kianzio

Noti zilikuwa na unyevunyevu tena. Mama dobi alizinyoosha moja moja juu ya meza ya wakili, kwa kiganja, kama anayepiga pasi.

"Bado awamu moja, mama," wakili alisema, akifuta miwani. Alikuwa amepanda ngazi za ghorofa tatu na magoti yalikuwa yakimkumbusha umri wake. "Ukimaliza, Alhamisi nasimama mahakamani. Usipomaliza, kijana atajitetea mwenyewe. Na wizi wa nyaya za shaba ni miaka mitano, si mchezo."

Haikuwa roho mbaya. Wateja walioachiwa huru walikuwa na kawaida ya kuisahau njia ya ofisi yake. Ndiyo maana hakufungua faili bila kianzio, wala hakuvaa joho kabla ya kulipwa yote.

"Nitaleta," mama alisema. "Yule hakuiba, wakili."

"Wote wanaokaa kwenye kiti hicho husema hivyo."

"Wao wanatumaini. Mimi najua."

Wakili alipiga mwayo. "Basi twende mahabusu ukamwone. Amekonda. Kila nikienda ananiuliza nani ananilipa."

"Hapana. Na usimwambie."

Wamegombana hawa, wakili aliwaza. Alikwisha kuwaona akina mama wengi wa namna hiyo. Hakuuliza zaidi, kuuliza nako kunachosha.

Siku ya Alhamisi kesi ilichukua dakika arobaini. Mlinzi wa ghala alijikanganya katika ushahidi wake, na hakimu akamwachia kijana huru. Kijana alitoka mbio, akampita mama dobi kwenye korido bila hata salamu.

"Hawa watoto!" Wakili alivua joho lake lililochanika kwapani. "Miezi saba unafua mashuka ya watu kwa ajili yake, halafu anakupita kama nguzo. Hata asante imemshinda?"

"Mwache. Hana deni kwangu."

Mama alishusha pumzi. Akafungua kitambaa chake, akatoa noti nyingine zenye unyevu, akamwekea wakili mkononi.

"Mama, ulishamaliza. Kesi imekwisha."

"Hiki ni kianzio, wakili. Sasa watamtafuta mwizi mwenyewe." Alitazama sakafu. "Huyo ndiye mwanangu."