Sauti ya Mlangoni

Kwa sheria, sauti ya marehemu hukaa ndani ya jengo moja tu. Ya Mwanaidi ilikaa nyumbani, na kila jioni ilimpokea mumewe Shemdoe, fundi wa vigae: "Vua viatu, nimepiga deki!" Wakubwa, ambao vyao haviwatoshi, wakaipenda. Wakaihamishia kwenye hoteli mpya ya kamari, ile ile ambayo Shemdoe aliiwekea vigae kwa mikono yake. Nyumba ikawa kimya.

Siku ya ufunguzi alifika mlangoni, akavua viatu, akangoja.

"Mzee, umedhani hapa msikitini?" bawabu akamcheka.

Mlango ukafunguka. "Karibu, mgeni," alisema Mwanaidi, kwa upole ambao hakuwahi kumwonyesha mumewe. "Ingia tu na viatu vyako."