Mapigo Manne ya Mchi

Bi Mashavu alingoja mwaka mzima. Pipa la mafuta lilimponda mwanawe Sefu mwishoni mwa mteremko wa mbao kwenye kinu cha kukamulia mafuta, naye mwenye kinu, Bwana Khelef, akasema palepale matangani, "Pipa hutambaa kama kobe. Mlevi ndiye hakwepi."

Sefu hakuwahi kuonja pombe.

Leo kinu kilijaa watu. Bi Mashavu aliwapanga wanawake kandokando ya mteremko, kila mmoja na chaki yake. Jirani yake Bi Hidaya alikaa na kinu chake cha kutwangia, maana mchi wake haukosi mwendo hata akipiga soga.

"Twanga, shoga!"

Pipa tupu likaachiwa. Kila mchi ulipolia, chaki iliwekwa pale pipa lilipofika. Kisha Bi Mashavu akapima kwa miguu yake, kutoka alama hadi alama, polepole, akihesabu kwa sauti.

"Pigo la kwanza, hatua moja. La pili, tatu. La tatu, tano. La nne, saba! Kobe gani huyu, Bwana Khelef, anayezidisha mbio kila akitambaa?"

Watu wakacheka. Bwana Khelef hakucheka.

"Hizo hesabu za jikoni, mama."

"Haya. Simama aliposimama Sefu. Wewe hunywi, utakwepa."

Juu ya mteremko pipa jingine, lililojaa, lilizuiwa na kabari moja. Watu wakampisha Bwana Khelef njia ya kwenda pale Sefu alipopondwa. Bi Mashavu akapanda, akaishika kabari. Bi Hidaya akainua mchi, akaubakiza juu, akimngoja.