Jumapili kwa Bwana Mifugo

Umewahi kumbeba paka kikapuni juani, toka Kigombe hadi kambi ya mkonge, hata miguu ikawa si yako?

Mimi nimembeba. Alimeza ndoana, na mshipi ulimning'inia mdomoni, urefu wa vidole vinne, umelowa damu. Ofisi ilikuwa imefungwa, Jumapili, nikamfuata Eliudi, bwana mifugo, nyumbani kwake.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa. Hamjambo Kigombe?”

“Hatujambo.”

“Mama mzima?”

“Mzima.”

“Na mbuzi wenu?”

“Wazima, baba.”

Akacheka. “Watu wa Kigombe! Hata nyumba ikiungua mtasema hamjambo.”

Nami nilifundwa hivyo, shida haitangulii salamu. Tena niliona haya. Mtu wa ng'ombe wa serikali, na shati lake la kanisani, nimpe paka?

Nikafunua kidogo kanga iliyofunika kikapu. Paka alikohoa, akameza. Mshipi ukaingia ndani, vikabaki vidole viwili.

“Na shangazi yako, yule wa Pangani?” Eliudi akauliza.

“Baba, niwie radhi, salamu basi! Paka wangu kameza ndoana. Nakuomba umtolee.”