Pua ya Mzembe

Mkono wa kushoto wa mtafiti ulikuwa ndani ya mkoba, mkoba ulikuwa mapajani, na mapaja yalikuwa chini ya meza, mbali na macho ya wageni. Mkobani mlikuwa na kibodi ndogo isiyo na waya. Aliitia humo jana, baada ya kuijaribu na kuridhika, na asubuhi alitoka nyumbani mbio, akimkimbia mama mkwe aliyekuwa akinung'unika tangu juzi kwamba rimoti imekufa na hakuna anayejali.

Mbele yao, kwenye skrini kubwa, alilala Mzembe.

Mzembe alikuwa kiumbe wa ndani ya kompyuta. Mtafiti alimwanzisha kwa seli moja, ikagawanyika, na zilizozaliwa zikagawana kazi: hizi ngozi, hizi misuli, na zile za mbele, zilizokomaa wiki hii tu, pua. Alitakiwa anuse chakula akifuate, anuse sumu aikwepe. Lakini hakuwahi kusogea kwa hiari yake. Alikaa tu, kama shemeji aliyekuja kusalimia akahamia.

Leo wageni, wafadhili wa mradi, walikuwa wanaamua. Asiponusa, mradi unafungwa na mtafiti anahamishiwa kutengeneza printa.

"Tuwekee chakula," alisema mkurugenzi.

Mkono wa kulia ukaweka nukta ya kijani. Wa kushoto ukabonyeza kibodi mkobani, kumwendesha kwa siri. Mzembe akatikisika, akaanza kujikokota kuelekea kijani, na wageni wakavuta viti.

"Na sumu?" aliuliza mgeni mwenye miwani.

Nukta nyekundu ikatokea katikati ya njia. Mtafiti akapapasa vitufe. Alikusudia kumpitisha Mzembe juu, lakini Mzembe akapita chini, tena kwa madaha, akaizunguka sumu na kukivamia chakula. Kidole kimeteleza, mtafiti akajisemea. Bahati nzuri kimeteleza panapofaa.

Makofi yakalia. Mkurugenzi, mtu ambaye hakuwahi kumsifu hata kwa bahati mbaya, alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Kesho mafundi wanakuja kumchukua," alisema. "Watamfungua seli moja moja waone ananusaje."

Furaha ya mtafiti ikakatika. Wakimfungua watakuta pua ya urembo, na yeye atabaki hana kazi wala jina.

Jioni, wenzake walipokwisha kuondoka, alimfungua Mzembe kwenye kompyuta yake. Kishale cha kipanya kilipomkaribia, Mzembe alijikunja, akarudi nyuma. Mtafiti akautazama mkoba uliobanwa kati ya tumbo lake na meza, akauweka sakafuni.

"Tulia basi," alimwambia. "Maisha yako yote umelala, leo ndiyo unaanza vituko?"

Ilimuuma kuliko alivyotarajia. Kiumbe mvivu, lakini alimlea mwenyewe. Hata hivyo aibu ya mashine kuharibika ni nafuu kuliko aibu ya uongo. Akamfuta. Akafuta na nakala zote, kisha akampigia mkurugenzi kumwambia kompyuta imezingua, hakuna kilichobaki. Mkurugenzi akauliza kama anajua kutengeneza printa.

Nyumbani, runinga ilisikika tangu getini. Mama mkwe alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, rimoti mkononi, anahama stesheni moja hadi nyingine, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo alikuwa anatabasamu.

"Shikamoo, mama. Naona umepata betri."

"Marahaba, mwanangu. Ningemngoja nani aninunulie? Nilizitoa kwenye kile kibao chako cha kuchapia, kile cha mkobani, asubuhi ulipokuwa unaoga. Kwani leo ulikihitaji?"