Sauti Aliyoitoa Subira

Siku hizi, anayeomba kusomea utengenezaji wa muziki na sauti hutoa sauti moja ya nyumbani kwao. Akikubaliwa, chuo huichukua jumla, na nyumbani haisikiki tena.

Mwanaidi alitoa mlio wa cherehani ya baba. Akakataliwa, na cherehani ikaendelea kulia sebuleni kana kwamba inamcheka. Mdogo wake, Subira, ambaye hata kinasa sauti aliazima kwake, amekubaliwa.

Wivu ulimkaa Mwanaidi kooni kama mwiba wa samaki. Akasusa pilau ya pongezi, akajitupa kitandani kungoja kubembelezwa. Mama angekuja tu. Mwanaidi alirithi jina la bibi mzaa mama, na tangu utotoni mama humwita "mama yangu", kwa sauti ya kuvuta, kama anamwimbia.

Aliyeingia kwanza ni Subira, na sahani.

"Dada, kula basi."

"Umewapa sauti gani?"

Subira aliangalia pilau. "Mama anavyokuita wewe."

"Si ungetoa anavyokuita wewe?"

"Mimi huniita Subira tu, dada, kama anaita muuza maji. Ile yako nimeisikiliza nyuma ya pazia tangu mdogo. Nilijua wataitaka."

Pazia likasogea. Mama alisimama mlangoni, akamtazama Mwanaidi kwa huruma, akafumbua kinywa. Midomo ililivuta neno lile polepole, mpaka mwisho wake.

Kilichosikika ni cherehani tu, kule sebuleni.