Msikilizaji wa Chiriku

Shangazi alimpokonya Chiriku kipaza sauti, akakizima.

"Hapa haimbi mtu," alisema. "Tunazika, hatufukuzi kunguru."

Walikuwa sebuleni wakingoja gari lilete jeneza la fundi bati, kaka yake shangazi, baba yake Chiriku. Binti alikuwa amejipodoa kama anapanda jukwaani. Na ile sauti, jamani, acheni tu. Ilikuwa sauti ya kukwangua ukoko wa sufuria. Mtaa mzima ulijua isipokuwa mwenyewe, kwa sababu kila jioni baba yake, akishatoka kugonga nyundo ndani ya matangi, alivuta stuli mbele yake na kumkazia macho mdomoni. Wimbo ukiisha, mama humgusa goti, na fundi hupiga makofi mpaka viganja vinakuwa vyekundu. Basi binti akavimba kichwa, akaacha ushonaji, akasema yeye ni msanii.

"Baba ndiye pekee aliyeujua muziki humu ndani," Chiriku alisema. "Hajawahi kuniambia ninyamaze. Nisipomwimbia leo, nitamwimbia lini tena?"

Shangazi alibetua midomo. "Muziki gani? Redio yake ilikuwa ikikoroma kutwa katikati ya stesheni mbili, naye anatikisa kichwa. Mpenzi wa muziki, eti."

Angeishia hapo, angeheshimika. Lakini yule mama mdomo wake hauna breki. Alimgeukia mjane.

"Na wewe wifi, usituambie marehemu aliipenda familia. Familia ipi? Mimi dada yake toka nitoke, nasimama mlangoni mwa karakana, namwita mpaka koo linakauka, ananipa mgongo. Hageuki mpaka umshike bega. Yule alikuwa na dharau, tena ya kuzaliwa nayo. Hata huyu mwanawe alikuwa akimcheka tu."

Chiriku alimgeukia mama yake. Alimshika mkono kwa nguvu.

"Mama, mwambie. Mwambie baba alivyokuwa akinisikiliza."

Shangazi alikwishamtukana mjane miaka nenda rudi, kuhusu mapishi yake, kwao, hata mwendo wake, na siku zote alimeza. Leo hakumeza. Wala hakumtazama binti yake. Alikuwa amemkodolea wifi yake macho makavu.

"Nitukane mimi, mume wangu mwache," alisema. "Hakukudharau, wifi. Hakukusikia. Yale matangi yalimmaliza masikio yote mawili, akaniapisha nisimwambie mtu, wateja wasije wakamkimbia. Na hayo hayakuanza jana. Wakati huo huyu mtoto nilikuwa bado sijamzaa."