Mchango wa Vioo

Siku hizi vioo vya rubani, vile vya kumwonyesha mafuta, njia na milima, haviwaki mpaka abiria wachange. Kampuni inasema vioo ni ghali, na anayehofia milima ni abiria.

Tulikuwa tunatoka harusini Mbeya, ndege nzima ukoo wa mume wangu Lusajo, na rubani ni yeye. Mhudumu alipopita na mashine ya malipo, mama mkwe aliusukuma mkono wake.

"Mimi ndiye mama yake mzazi. Nimchangie mwanangu kazi yake?"

Wajomba wakacheka. Kila mmoja akasema anayerusha ni ndugu yake, kwa hiyo hatoi. Watu hao hao jana walichanga wakamnunulia bwana harusi sofa. Nilichanga peke yangu.

Sauti ya Lusajo ikatoka kwenye spika, imepooza. "Asanteni, ndugu zangu. Kimewaka kimoja, cha mafuta."

Wakapiga makofi, tukaruka. Dirishani kulikuwa na wingu jeupe tu, na Mlima Rungwe uko humo ndani.

Mama mkwe alinisogezea kipande cha mbuzi wa ndafu wa harusini, vidole vinang'aa mafuta. "Kula, mwanangu. Lusajo njia hii anaijua."